Faili Halionekani

Katikati ya jiji la Nairobi, nje ya jengo moja lililowahi kuwa benki pale Moi Avenue, watu husubiriana mchana kutwa. Huyu anamngoja mpenzi, yule anamngoja ndugu aliyeshuka kwenye basi kutoka shambani, mwingine anamngoja mteja waliyepatana naye kwa simu. "Tukutane Archives," wanaambiana, na hakuna anayeuliza ni wapi. Wengi wao hawajawahi kuvuka mlango wa jengo lenyewe. Hapo ndipo yalipo Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, ili itunze karatasi za serikali: ripoti za mabwana shauri, barua za magavana, kumbukumbu za mabaraza na mashauri ya ardhi.

Wanaoingia kutafiti hukuta mali nyingi humo. Lakini kwa miaka mingi, aliyetaka kujua yaliyotokea katika kambi za kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, yaani vita vya serikali ya kikoloni dhidi ya wapigania uhuru, kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960, aligonga ukuta. Jibu lilikuwa lile linalojulikana na kila mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja au mafao ya marehemu baba yake: faili halionekani.

Wapo wataalamu ambao kazi yao huanzia kwenye sentensi hiyo. Kwa mtu wa kawaida, faili lisiloonekana ni mwisho wa safari, na kinachobaki ni kurudi kesho, au kutoa "chai", au kukata tamaa. Kwa mtafiti wa nyaraka na kumbukumbu, faili lisiloonekana ni dalili. Lina namba. Kuna mtu aliyelifungua, kuna siku lilipohamishwa, kuna faili jingine linalolitaja. Kutoonekana kwake kunaweza kuchunguzwa kama wizi wowote.

Ili kuelewa hilo, inafaa kwanza kuingia masijala, chumba ambacho katika ofisi nyingi za umma kiko nyuma kabisa, na mara nyingi hupewa mtumishi ambaye hakuna idara nyingine iliyomtaka. Barua ikifika wizarani haikimbilii mezani kwa mkubwa. Karani huigonga mhuri wa tarehe, akaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, akaipa namba ya jalada na namba ya folio. Jalada likitoka, jina la aliyelichukua huandikwa. Mkubwa akijibu, nakala ya jibu hubaki humo humo. Jibu hilo likipelekwa pia kwa mkuu wa mkoa, pembeni huandikwa hivyo, na kule mkoani masijala nyingine hulifungulia folio yake. Karatasi moja, basi, huwa imekanyaga mahali patano au sita kabla jua halijazama. Anayetaka kuifuta kabisa ana kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Taaluma ya nyaraka imejengwa juu ya jambo hilo. Mwaka 1841 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ufaransa ilitoa waraka ulioelekeza kwamba karatasi zilizotoka katika taasisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za taasisi nyingine hata kama zinazungumzia jambo lile lile. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Samuel Muller, Johan Feith na Robert Fruin, wakachapisha kitabu cha kanuni kilichoongeza sharti la pili: mpangilio uliotumiwa na ofisi yenyewe uheshimiwe, mtunzaji asijipangie upya kwa kufuata mada. Sharti hili huwashangaza wengi. Kwa nini karatasi zote za kahawa zisiwekwe pamoja, za shule pamoja, msomaji akapata urahisi? Jibu lake analijua anayeshika tasbihi. Punje zikiwa kwenye uzi, ikipungua moja vidole vinajua kabla ya macho. Zikimwagwa sinia na kupangwa kwa rangi, hata zikiibwa kumi hakuna atakayeshtuka.

Ndivyo wanahistoria wawili walivyoshtuka. Caroline Elkins, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu katika miaka ya 1990, alijua jinsi serikali ya kikoloni ya Kenya ilivyopenda kuandika. Kila mfungwa wa kambini alipaswa kuwa na jalada, na nakala zake katika zaidi ya wizara moja. Alipopekua Nairobi na London alikuta mamia mahali alipotarajia maelfu kwa maelfu. David Anderson, Mwingereza, yeye alikuwa akifuatilia kumbukumbu za mahakama, na kwa kuwa zile hazikuguswa aliweza kuhesabu watu 1,090 walionyongwa katika vita vya Hali ya Hatari. Vitabu vyao vyote viwili vilitoka mwaka 2005, na vyote viwili vilionyesha jambo moja: upande wa mahakama uzi wa tasbihi ulikuwa mzima, ila upande wa kambi ulikuwa umekatwa.

Kwamba serikali ile iliweza kudanganya halikuwa siri. Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa na askari hadi kufa kwa sababu waligoma kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji ya kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliouumbua uongo huo, maana daktari naye huandika, na alichokiandika kilikuwa na namba ya jalada.

Tukio la Hola liliwafundisha wakubwa wa London somo, ingawa si lile ambalo lingetarajiwa. Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alituma maagizo makoloni: serikali mpya zisirithi karatasi zozote zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, au kuwaaibisha polisi, majeshi, watumishi wake na watoa habari wake. Kwa Uganda kazi hiyo ilipewa jina la operesheni, Operation Legacy, yaani operesheni ya urithi. Aliyechagua jina hilo kwa kazi ya kuwanyima watu urithi alikuwa na ucheshi wa ajabu, au hakuwa nao kabisa. Kenya mafaili yaligawanywa makundi mawili. Yale ambayo mawaziri wa Kiafrika wangeruhusiwa kuyaona yalibaki katika mzunguko wa kawaida. Yale mengine yaligongwa mhuri wa herufi W, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kuangalia kwa hadhari, na yalishikwa na maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya peke yao. Mwafrika, awe na cheo gani, hakupaswa hata kujua kwamba mhuri huo upo.

Maagizo yalikuwa ya kina kupita kiasi. Karatasi zikichomwa, majivu nayo yavunjwevunjwe. Moto ukishindikana, ziwekwe ndani ya masanduku yenye uzito na kuzamishwa baharini, mahali penye kina kirefu pasipo mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Jalada likiondolewa na pengo likaonekana, liwekwe bandia mahali pake. Sharti hili la mwisho ndilo linalomvutia mtafiti kuliko yote, maana linaonyesha kwamba walioliandika walikuwa makarani wazuri. Walijua kabisa kwamba pengo husema.

Makarani wazuri, hata hivyo, wana udhaifu mmoja: hata wakifuta, huandika kwamba wamefuta. Hati za uteketezaji zilijazwa na kutiwa saini. Orodha za yaliyosafirishwa ziliandaliwa. Na yapo yaliyosafirishwa kweli. Kabla ya bendera kushushwa Desemba 1963, mafaili yapatayo 1,500 yaliondolewa Nairobi na kupelekwa Uingereza.

Kenya haikulala. Mwaka 1967 iliiomba Uingereza irudishe mafaili yake, ikakataliwa, na maombi mengine yakafuata katika miongo iliyokuja. Musila Musembi, aliyewahi kuwa Mkuu wa Makavazi, alishiriki katika mpango mrefu wa kutafuta nyaraka za Kenya zilizotapakaa nchi za nje na kuzileta nyumbani, walau kwa nakala za filamu ndogo. Nathan Mnjama, Mkenya aliyewahi kufanya kazi Makavazi na baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Botswana, ameandika mara kadhaa kuhusu juhudi hizo na jinsi zilivyokwama. Mtaalamu mwingine, Anne Thurston, alipekua maktaba na ghala za Uingereza kwa miaka, na mwaka 1991 ukachapishwa mwongozo wake wa juzuu mbili unaoorodhesha nyaraka zinazohusu Kenya na Afrika Mashariki zilizoko nchini humo. Ni kazi ya subira kubwa. Yale 1,500 hayamo, na yasingeweza kuwamo, kwa kuwa waliokuwa nayo hawakumwambia mtu.

Kumbe yalikuwa Hanslope Park, kaskazini mwa London, kwenye majengo yenye ulinzi mkali ambamo wizara ya mambo ya nje ya Uingereza hufanyia shughuli zake za mawasiliano ya siri. Mafaili ya kambi za Kenya yalikaa huko kwenye rafu kwa miongo kadhaa, pamoja na ya makoloni mengine 36.

Yalitolewa na kesi. Juni 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, waliishitaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyopata kambini. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwa miongoni mwa walionusurika Hola. Alizimia kwa kipigo akalazwa pamoja na maiti. Elkins, Anderson na mwanahistoria wa tatu, Huw Bennett, waliitwa kuwa mashahidi wataalamu. Katika maelezo yake kwa mahakama, Anderson alionyesha kwa nyaraka za Waingereza wenyewe kwamba mafaili yaliondolewa Nairobi na kwamba Kenya ilipoyaomba ilinyimwa. Swali likawa jepesi, tena gumu kulikwepa: kama mliyachukua, na hati ya kuyateketeza haipo, yako wapi?

Mwanzoni mwa 2011 wizara ikakiri kuwa nayo, masanduku yapatayo 300. Mwanadiplomasia mstaafu, Anthony Cary, akapewa kazi ya kuchunguza ilikuwaje. Ripoti yake haina shujaa wala jambazi mkuu. Inaeleza ofisi ambayo watumishi walibadilishwa, aliyejua akastaafu, aliyebaki akadhani ni karatasi za nchi nyingine zilizohifadhiwa kwa muda, na kila aliyeulizwa akaona salama yake ni kutofungua sanduku. Anderson mwenyewe, katika makala ya kitaaluma ya mwaka huo huo, aliuliza waziwazi kama hii ilikuwa njama au uzembe wa ofisi. Ukisoma ushahidi wote, jibu la haki ni kwamba njama ilianza na uzembe ukaimalizia kazi. Sanduku lisilo na orodha halihitaji mlinzi.

Mandy Banton, aliyewahi kuwa mtunzaji wa nyaraka katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, aliongeza kipande kilichokosekana. Katika makala yake ya 2012 alionyesha jinsi sheria ilivyotumiwa kama pazia. Nyaraka za umma za Uingereza lazima zikabidhiwe hifadhi ya taifa baada ya muda fulani. Lakini mafaili haya yalitungwa na serikali ya Kenya ya kikoloni, kwa hiyo ikadaiwa kwamba kisheria si ya Uingereza. Basi ni ya Kenya? La, ilijibiwa, ni mali ya Uingereza. Yakawa kama mtoto ambaye baba anamkana mbele ya hakimu na kumficha chumbani mwake.

Oktoba 2012 Jaji Richard McCombe aliamua kwamba kesi inaweza kuendelea ingawa miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita. Moja ya sababu zake ilikuwa wingi wa nyaraka: maandishi yalikuwa mengi kiasi kwamba ukweli ungeweza kupimwa hata kama mashahidi wengi wamefariki. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa watu 5,228. Kwa mzee aliyepoteza ujana wake kambini fedha hiyo si nyingi. Kwa taaluma inayodharauliwa kuwa ni ya kupangapanga makaratasi, ni ushindi ambao haukuwahi kuonekana.

Si kila aliyedai alipata. Wakenya wengine wapatao 40,000 walifungua kesi yao London baadaye, na mwaka 2018 ikatupwa, mahakama ikiona kwamba muda uliopita ulikuwa mrefu mno. Nyaraka husaidia shauri. Hazilibebi peke yake.

Habari za Hanslope hupendwa kusimuliwa kwa kuwa zina wabaya wa mbali. Hata hivyo, watafiti wa kanda hii, ambao tangu 1969 wana jumuiya yao ya Afrika Mashariki na Kusini, ESARBICA, wametumia muda mwingi zaidi kwenye jambo la karibu: masijala zetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimefundisha fani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na utunzaji wa nyaraka. Thurston naye, baada ya kupekua Uingereza, alianzisha mwaka 1989 shirika la kusaidia serikali kupanga kumbukumbu zao, naye amekuwa akirudia jambo moja ambalo wafadhili hawapendi kulisikia: kuweka kompyuta juu ya masijala iliyovurugika huzaa vurugu inayokwenda kasi. Aliyekuwa hapati faili kabatini hatalipata kwenye skrini iwapo aliyelipiga picha alilipa jina analolijua yeye tu. Karatasi iliyosahauliwa miaka hamsini inasomeka ikipatikana. Kanda na diski za miaka thelathini iliyopita, mashine ya kuzisomea iko wapi?

Tanzania ilipata kipimo chake mwaka 2017. Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma kwa kuvilinganisha na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na Aprili mwaka huo Rais John Magufuli alipokabidhiwa ripoti mjini Dodoma, idadi ya waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi ilikuwa 9,932. Mjadala wote wakati ule ulihusu vyeti feki na walioondolewa kazini. Wachache waliuliza kilichowezesha zoezi hilo. Cheti cha kughushi hakigunduliki kwa kukitazama; hugunduliwa kwa sababu mahali pengine kuna orodha ya matokeo ya mwaka ule, ya shule ile, yenye namba ile ya mtahiniwa, na orodha hiyo ilitunzwa. Upande wa pili wa shilingi ni majalada ya watumishi yaliyopokea vyeti hivyo na kukaa navyo miaka bila mtu kuvilinganisha na chochote.

Sheria iliyopo si mbaya. Tanganyika ilianza hifadhi yake ya taifa ya nyaraka mwaka 1963, na sheria namba 3 ya mwaka 2002 iliunganisha chini ya idara moja kumbukumbu zinazotumika ofisini na nyaraka za kale, kwa hoja kwamba faili la leo na hati ya historia ni kitu kile kile katika umri tofauti. Katika hifadhi ya Dar es Salaam kuna majalada ya serikali ya Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 1997 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Yanasomeka leo kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu kutoka Marburg walikuja wakayafanyia orodha, jalada kwa jalada, na orodha hiyo ikachapishwa mwaka 1973. Zanzibar nayo, huko Kilimani, ina miswada ya Kiarabu iliyopata heshima hiyo hiyo mwaka 2003. Hazina zote hizo mbili zingekuwa marundo tu kama kusingekuwa na mtu aliyekaa chini na kuandika: namba moja ni hiki, namba mbili ni hiki.

Nani mwenye haki ya kumiliki karatasi nchi inapobadili bendera? Mwaka 1983 mataifa yaliandaa Vienna mkataba unaogusa suala hilo, nao haujawahi kuanza kutumika, kwa kuwa nchi zilizouridhia hazikutosha. Maprofesa wanaendelea kuliandikia. Wapo wanaosema nakala za kidijitali zinatosha. Wapo wanaojibu kwamba mwizi wa ng'ombe hasamehewi kwa kurudisha picha ya ng'ombe.

Mafaili yaliyofichwa Hanslope yalifunguliwa kwa umma kwa mafungu kati ya Aprili 2012 na Novemba 2013. Jumla ni kama mafaili 20,000, ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar yakiwemo, na yana alama FCO 141. Mjukuu wa mfungwa wa Hola anayetaka kuyashika kwa mkono anahitaji pasipoti, viza ya Uingereza na nauli, kisha treni hadi Kew, magharibi mwa London, ambako majalada asili yako mpaka leo.